Visiki vya miombo vitarudi kuwa msitu?

*Mtaalamu, ninaishi Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi. Miombo ya huku imekatwa kwa kuni na mkaa uendao Lilongwe, vimebaki visiki. Mvua nazo zinachelewa. Tupande miche, au msitu utarudi wenyewe? – Mama wa watoto wanne*

Mama, hofu yako ina msingi, lakini visiki vingi bado vina uhai. Mizizi yake huhifadhi akiba ya chakula, ndiyo maana huchipua hata kabla ya mvua. Miche ndiyo huteseka zaidi: ukame kama wa El Niño wa 2023/24 huiua ikiwa michanga. Joto nalo hukausha nyasi, na moto wa Septemba na Oktoba huunguza machipukizi.

Fanyeni hivi: kila kisiki kiachieni machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine yawe kuni. Zuieni mbuzi. Fyekeni njia ya kuzuia moto mwezi Mei au Juni. Pikieni jiko banifu la udongo.

Kabla ya kupogoa, ombeni ruhusa kwa mwenye eneo. Visiki visipochipua baada ya misimu miwili ya mvua, mwoneni afisa misitu wa wilaya. Hapo ndipo miche itahitajika. Kwa sasa, tunzeni visiki kwanza.