Daktari Anaulizwa, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo nataka tuongee juu ya kasuku, kwa sababu wengi mnanijia na dukuduku moja: daktari wa mifugo kampa ndege dawa, moyo haujatulia, lakini mnaona haya kumuuliza msije mkaonekana mnamdharau.

Muulizeni. Tena kabla hajafunga mkoba wake.

Madaktari wetu wengi wamekulia kwenye ng'ombe, mbuzi na kuku. Elimu wanayo, ila kasuku hawampati mkononi kila wiki. Kuku wa mayai ana zaidi ya kilo moja. Kasuku wa kijivu ana gramu 400 hadi 500 hivi. Wale kasuku wadogo wa Australia, wa kijani na buluu, wana gramu 30 au 40 tu. Tone lisilomfanya kuku lolote laweza kumuua huyo mdogo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: "Daktari, umempima uzito?" Kama hana mzani wa gramu, mpelekee wa jikoni kwako.

Akikupa unga wa kuchanganya kwenye maji, kama tufanyavyo bandani, muulize ndege mgonjwa asiyekunywa maji ataipataje dawa hiyo. Mara nyingi kuna ya kutiwa mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na hapo utajua kiasi gani kimeingia.

Kisha omba jina la dawa kwa maandishi. Penisilini yenye prokeini ni hatari kwa ndege wadogo, na dawa za steroidi huwashusha ndege kinga haraka. Msidhani kwamba dawa ikiwa salama kwa ng'ombe basi ni salama kwa wote. Kule India, kuanzia miaka ya 1990, tumbusi walikufa hadi wakakaribia kwisha. Mwaka 2004 watafiti walionyesha chanzo: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi walikula mizoga yenye dawa hiyo, figo zikaharibika. Mwaka 2006 India ikapiga marufuku kuitumia kwa mifugo. Ng'ombe ilimfaa, ndege ilimmaliza.

Kwenye chakula bisheni kabisa. Mtu akikwambia alizeti peke yake inatosha, kataa, awe daktari au muuza tundu. Mbegu tupu humkosesha ndege vitamini A, na kasuku wa kijivu akipungukiwa kalisi huweza kupata degedege. Mpe karoti, boga, sukuma wiki. Parachichi asilionje; ni sumu kwake.

Sasa upande wa pili, kwa sababu mnanijua, sibembelezi. Wengine mnamtilia shaka daktari aliyesoma miaka mitano, halafu jirani akisema mpe ndege maji ya majivu mnampa bila swali. Huko si kuhoji. Wala usikatishe dawa siku ya tatu kwa kuwa ndege kaimba. Homa ya kasuku, kwa mfano, kwa kawaida hutibiwa kwa doksisaiklini hadi siku 45, na huambukiza watu pia. Ukishikwa na homa na kikohozi, mwambie daktari wako wewe kwamba nyumbani una kasuku.

Na kuna saa ya kunyamaza. Ndege akihema mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, mwache daktari afanye kazi kwanza, maswali baadaye. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Ukimwona kajikunja chini ya tundu, jua hakuanza kuumwa leo.

Najua pia kuna wanaoogopa kwenda kliniki kwa sababu ndege hana karatasi. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku, na ni haki, maana walikuwa wanaisha misituni. Nenda ofisi ya wanyamapori uulize habari ya kibali, usimwache ndege afie ndani.

Daktari asiyemjua vizuri kasuku akasema, "Ngoja nimpigie mwenzangu aliyebobea," huyo usimwache. Anayekasirika kwa kuulizwa uzito wa ndege, tafuta mwingine.