Mota ya Kitanda cha Tela: Tupime Kani Kwanza

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walisafirisha mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo, kila mmoja akibeba yapata kilo 30. Leo msafiri aweza kupita pande hizo akivuta tela lenye kitanda kichomozacho nje kama mtoto wa meza. Akitaka mota ikisukume kitanda hicho, yampasa kwanza kupima kani.

Tuseme kitanda kina kilo 60, yaani mizigo miwili ya wapagazi. Kukiinua kwahitaji nyutoni 600 hivi. Lakini tela likisimama sawasawa, kukisukuma ni kushindana na msuguano tu. Ikiwa kizigeu cha msuguano, yaani msuguano ukigawanywa kwa uzito, ni 0.3, kani ni nyutoni 180. Kwa mwendo wa mita 1.2, kazi ni jouli 216. Ikifanyika kwa sekunde 24, nguvu ni wati 9. Parafujo na gia zikipoteza theluthi mbili ya nishati, mota itahitaji wati 27, yaani ampia 2.25 kutoka betri ya volti 12.

Mtu wa kilo 60 akilala juu yake, kani yawa maradufu. Mota ikizidiwa hukwama, mkondo hupanda, na nyaya zaweza kuungua. Kwa hiyo fyuzi ni lazima, pamoja na swichi ya kukata umeme kitanda kifikapo mwisho, na mpini wa kuzungusha kwa mkono, betri isije ikaisha porini.

Zoezi: Tia magurudumu yapunguzayo kizigeu hadi 0.05, kisha piga hesabu upya. Je, kuna haja ya mota kubwa zaidi?