Tetekuwanga na Mimba: Mafunzo Niliyopata

Tetekuwanga ilinipata mimba yangu ya pili ikiwa imebakiza wiki chache. Nilijifungua salama na mtoto anakua, lakini yale niliyoelezwa na wakunga na madaktari wakati ule natamani kila mjamzito ayajue mapema.

1. Hesabu huanzia siku uliyokutana na mgonjwa.
Binti wa wifi yangu alikuja likizo, tukalala chumba kimoja akiwa na homa tu. Upele ulimtoka kesho yake. Mgonjwa huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya upele hadi vipele vyote vikauke na kuwa vigaga, na aliyeambukizwa huanza kuumwa baada ya siku 10 hadi 21. Muda huo una thamani kubwa. Ipo sindano ya kingamwili anayoweza kuchomwa mjamzito asiye na kinga ndani ya siku 10. Kwetu ni adimu na ghali, ila daktari akijua mapema anaweza pia kumwanzishia vidonge vya asikloviri. Asipoambiwa, hana la kufanya.

2. Kwa mwenye mimba ni ugonjwa mzito.
Vyangu vilianzia tumboni na kichwani kwenye nywele: vidoa vyekundu, kila kimoja na tone la maji maangavu juu yake. Vikaingia mdomoni, hata uji wa vuguvugu ukawa mateso. Mama mkwe alinichemshia majani ya mwarobaini nikaoga, muwasho ukatulia, na namshukuru hadi leo. Lakini mwarobaini hauzuii virusi kufika mapafuni, na nimonia ndiyo inayohatarisha zaidi maisha ya mjamzito mwenye tetekuwanga. Asikloviri hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 24 tangu upele utoke. Ukikohoa, kifua kikabana au pumzi zikawa fupi, usingoje kukuche.

3. Toa taarifa kabla hujaingia kliniki.
Kwenye zahanati niliyokwenda kwanza nilielekezwa nikae benchi moja na wajawazito wengine. Nilikataa, nikasimama nje chini ya mti hadi muuguzi alipotoka. Piga simu, au mtume mtu atangulie.

4. Madhara kwa mtoto hutegemea umri wa mimba.
Mama akiugua kabla ya wiki 20, mtoto anaweza kupata makovu ya ngozi, kiungo kudumaa, au madhara ya macho na ubongo. Hayo huwapata takriban 2 kati ya 100 au pungufu, kwa hiyo asitokee mtu wa kukwambia mimba imeharibika. Utafuatiliwa kwa ultrasaundi. Hatari kubwa nyingine iko karibu na kuzaa. Upele ukimtoka mama kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada yake, mtoto hupata virusi bila kingamwili, maana mwili wa mama haujapata muda wa kuzitengeneza na kuzipitisha kwenye kondo la nyuma. Zamani, kabla ya tiba za sasa, hadi vichanga 3 kati ya 10 walioambukizwa hivyo walikufa. Uchungu ulinishika vipele vingine vikiwa bado vibichi. Mwanangu alilazwa wodi ya watoto wachanga, akawekewa asikloviri kwa dripu. Vipele vichache vilimtoka mgongoni, vikanyauka. Maziwa nilikamua, akanywa. Tetekuwanga peke yake si sababu ya kumnyima mtoto maziwa ya mama.

5. Mkanda wa jeshi una hatari ndogo zaidi.
Ni virusi vilevile, vilivyolala kwenye mishipa ya fahamu tangu tetekuwanga ya zamani, vikaamka. Mjamzito akiupata, kwa kawaida mtoto tumboni hadhuriki kwa sababu mama ana kinga tayari. Hata hivyo majimaji ya malengelenge yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga asiye na kinga. Bibi au babu mwenye mkanda afunike vidonda, na asimpakate kichanga hadi vikauke.

6. Kinga hutafutwa kabla ya mimba.
Chanjo ipo, lakini ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mjamzito hapewi, na aliyechanjwa husubiri angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Dada yangu unayepanga kuzaa, muulize mama yako leo kama uliwahi kuugua utotoni. Kama hakumbuki, muone daktari upimwe kinga kwenye damu sasa, kabla hujabeba mimba.