Mrija wa spora ya Nosema hutengwaje?

Swali: Spora za Nosema, kimelea cha utumbo wa nyuki, zina ganda gumu. Wataalamu hupataje protini za mrija uliojikunja ndani yake?

Jibu: Ukaidi wa mrija wenyewe ndio unaowasaidia. Utumbo wa nyuki husagwa katika maji na kuchujwa, kisha spora husafishwa kwa sentrifuji juu ya kimiminika cha Percoll. Kwa kuwa ni nzito, huzama chini na mabaki ya utumbo huachwa juu. Halafu spora hutikiswa kwa nguvu pamoja na vishanga vya kioo hadi ganda lipasuke. Sabuni ya SDS na yurea huondoa protini nyingi, ila mrija hubaki imara mpaka utiwe dithiothreitol, kemikali inayokata viunganishi vya salfa kati ya protini zake.

Mtu atauliza: vipande vya ganda navyo je, si huvumilia sabuni? Hoja hiyo ina uzito. Kitini, dutu ngumu ya ganda, hakiyeyuki, lakini baadhi ya protini za ganda zaweza kupenya na kuchanganyika na za mrija. Ndiyo maana kutenga peke yake hakutoshi: lazima kingamwili dhidi ya protini iliyopatikana zionekane, kwa hadubini ya elektroni, zimeshika mrija wala si ganda.