Farasi wa Maisha Yote

Swali: Familia inayotaka kufuga na kupanda farasi kwa miaka mingi katika nyanda za juu za Kenya izingatie nini?

Jibu: Farasi anayetunzwa vyema huishi miaka 25 hadi 30, hivyo mtoto anayejifunza kumpanda huenda akawa mzazi mnyama huyo angali hai. Hatari kubwa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huenezwa na visubi wanaouma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri, na ugonjwa huo huweza kuua farasi mwenye afya kwa siku chache tu. Hauna tiba, kinga ni chanjo ya kila mwaka na kumwingiza farasi bandani kabla jua halijazama. Asiyeweza kutimiza hayo mawili ni afadhali asinunue farasi. Farasi mwenye uzito wa kilo 450 hula takriban kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, na kwato hupunguzwa kila wiki 6 hadi 8. Mapenzi ya farasi hurithishwa bandani kuliko mgongoni: mtoto aanze kwa kumpiga farasi brashi, kusafisha kwato na kutambua masikio yaliyolazwa nyuma, ishara ya hasira. Uzeeni meno huchakaa. Hapo farasi apewe chakula kilicholowekwa, na apandwe kwa mwendo wa polepole.