Hofu ya Mahali pa Juu: Tumsaidieje Mwenzetu?

LENGO LA SOMO: Kuelewa hofu ya mahali pa juu, na kujua jinsi kikundi kinavyoweza kumsaidia mwenye hofu bila kumwaibisha.

Ndugu wanavikundi, leo tunaanza na kisa chetu wenyewe.

KISA

Jumamosi moja, watu tisa wa kikundi chetu cha Mountain View tulipanda matatu pale Waiyaki Way asubuhi na mapema. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo ili twende kupanda Mlima Longonot. Tuliteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu, tukalipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, tukafika langoni tukiwa na furaha.

Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkano ni kilomita 3 hivi. Tulipanda vizuri. Lakini kule juu njia ni nyembamba: upande huu shimo lenye msitu ndani, upande ule mteremko wa vumbi. Mwenzetu mmoja, mama mshonaji nguo, akasimama ghafla. Magoti yakatetemeka. Akaketi, akashika majani. "Mimi siendi popote. Niacheni hapa hapa!"

Sisi tulifanya nini? Tulicheka! Mmoja akasema, "Aa, mama, wacha mchezo. Hata watoto wa shule wanapita." Mwingine akamvuta mkono. Mama akapiga yowe, akajitupa nyuma, na nusura wateleze wote wawili. Hapo kicheko kikaisha.

Mzee mmoja wetu akaketi karibu naye bila kumgusa. "Mama, ungependa tufanye nini?"

"Nitoke kwanza hapa karibu na shimo, mzee."

Akajikokota nyuma hadi palipo pana. Baada ya nusu saa akasema mwenyewe, "Twende hadi kile kichaka, halafu turudi." Tukaenda, tukarudi. Akachagua kichaka cha pili. Kisha akasema, "Leo basi."

Hatukuzunguka ukingo wote, ambao ni kilomita 7 hivi, wala hatukufika kileleni, mita 2,776. Wengine walinung'unika, maana pesa zilikuwa zimetutoka. Lakini tukiwa njiani kurudi mama alituambia kwamba tulipomcheka aliamua moyoni kuacha kikundi. Tulinyamaza, kisha tukamwomba msamaha.

KWA NINI MWILI HUFANYA HIVYO?

Ili tusimame bila kuyumba tunatumia macho pia. Macho hutazama vitu vya karibu, na mwili hujua umesimama sawa. Ukingoni, vitu karibu vyote viko mbali, kule chini. Mwili unaanza kuyumba, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, kizunguzungu kinakuja. Si maigizo, na si upungufu wa imani.

Hofu hii haichagui mtu. Goethe, mwandishi mkubwa wa Ujerumani, alikuwa nayo akiwa mwanafunzi mjini Strasbourg mwaka 1770. Alipanda mnara wa kanisa kuu la pale tena na tena, akikaa kwanza mahali palipofunikwa kabla ya kutoka nje, mpaka hofu ikapungua. Hakusukumwa na mtu.

TUFANYEJE?

1. Kabla ya safari tuulizane: nani anaogopa mahali pa juu? Anayejibu asichekwe.
2. Mwenye hofu asivutwe wala asisukumwe. Ukingoni ni hatari kwa wote.
3. Aketi, atazame kitu cha karibu kisichosogea, avute pumzi polepole.
4. Hatua inayofuata aichague mwenyewe, iwe ndogo, na awe na mtu kando yake.
5. Akisema basi, ni basi. Kurudi si aibu. Asiachwe peke yake.

Tusisahau pia kwamba mara nyingine mwenye hofu ameona hatari ya kweli ambayo sisi hatukuiona. Tumsikilize kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kisa hiki, ni nani aliyesaidia, na alisaidia kwa njia gani?
2. Je, kikundi chetu kimewahi kumcheka mwenye hofu? Matokeo yalikuwa nini?
3. Kuna wanaoogopa kusimama na kusema mkutanoni. "Kichaka cha kwanza" chao kinaweza kuwa kipi?

Mama yule hakuacha kikundi. Siku hizi ndiye anayetuuliza tutarudi Longonot lini. Anasema anataka kufika kichaka cha tatu.