Baba Anakuita Daktari, Nawe Unanyamaza

*Shangazi, mimi ni muuguzi mwenye shahada ya uzamili huku Minnesota, Marekani. Natibu wagonjwa na kuwaandikia dawa. Nataka kusomea udaktari wa uuguzi, lakini mume wangu analalamikia deni la nyumba, na mshahara hautapanda sana. Baba kule Nyamira huniita daktari kanisani tangu watu wachange nauli yangu, na sitaki aaibike. Nisome?*
*Muuguzi, Minneapolis*

Deni la nyumba kaa na mume wako mlipigie hesabu, na umuulize mwajiri kama husaidia karo. Hayo yamekwisha.

Turudi kanisani. Barua nzima hukutaja hata mgonjwa mmoja ambaye masomo hayo yatamfaa. Uliyemtaja ni baba. Miaka yote hiyo anawaambia waumini jambo unalojua si kweli, nawe kimya. Sasa unataka kulipa karo ya mamilioni ya shilingi ili uongo ugeuke kweli.

Hautageuka, mwanangu. Shahada unayoitaka ni kilele cha masomo ya uuguzi. Ukiipata utabaki muuguzi. Kule California muuguzi aliyekuwa nayo alijitangaza kuwa daktari, na mwaka 2022 akakubali kulipa karibu dola 20,000.

Kinachoniudhi ni hiyo aibu yenyewe. Nani aliwafundisha watu wetu kwamba nesi ni daktari aliyeshindwa njiani? Usiku wa manane wodini, ni nani anayegundua kwamba mama aliyejifungua anavuja damu, kabla daktari hajaamshwa? Wangapi kati ya hao waliochanga nauli yako walipokelewa duniani na mikono ya nesi! Nawe umewazidi wengi: Minnesota, sheria inakuruhusu kutambua ugonjwa na kuandika dawa bila kusimamiwa na daktari. Baba hajivunii hilo kwa sababu hujawahi kumweleza.

Masomo yenyewe siyapingi. Ni saa nyingi za vitendo baada ya shahada ya kwanza, pamoja na mradi wa kurekebisha kasoro ya huduma, tuseme wagonjwa wa kisukari wanaoacha kurudi kliniki. Ikiwa kuna kasoro ya namna hiyo inayokunyima usingizi, kasome. Ukitaka utaalamu wa nusukaputi, huko wanaoanza tangu 2022 hawana budi kufikia shahada ya uzamivu. Kwa kazi uliyo nayo, uzamili wako unatosha.

Ila usijaze fomu yoyote kabla hujaongea na mzee. Mwambie wewe ni nesi, umweleze na kazi unayoifanya. Akikasirika, mwache akasirike. Mpigie Jumamosi, kabla hajaenda ibadani.